Kesi ya Mkono wa Sorame

Nianze kwa kukubali: nilikosea. Na sikukosea kisirisiri kama watu wenye heshima. Nilikosea nikiwa nimesimama juu ya kreti ya soda, kipaza sauti mkononi, vijana wakinipigia makofi.

Naitwa Mutie. Nina duka la kuchapisha tisheti, vikombe na mabango hapa Buruburu. Nina diploma pia, ya uchoraji wa matangazo, nimeitundika ukutani juu ya printa ili mteja akingoja mashine ipate moto awe na kitu cha kusoma. Kabla kompyuta haijatunyang'anya kazi nilikuwa naandika kwa brashi. Vinyozi, buchari, makanisa. Kuna siku niliandika "Yesu Yuaja" asubuhi na "Mutura Moto" jioni kwa kibanda cha nyama, rangi ya mkebe mmoja, na hakuna aliyelalamika.

Haya mambo ya manga yaliniingia kupitia tisheti. Vijana walianza kuja mmoja mmoja, kila mtu anataka picha ileile: msichana wa nywele fupi ameinua mkono wa kushoto, na mbele yake moto unazimika.

"Huyu ni msichana wa nani?" nikauliza.

"Mzae! Hujui Sorame?"

Walivyoniangalia, utadhani nimeuliza Mombasa iko wapi. Ikabidi Mideva anifunze. Mideva ndiye binti wa kwanza wa dada yangu Nzisa, amemaliza shule, anangoja kuitwa chuo, na siku nyingi yuko hapa dukani akinisaidia na kompyuta. Akanifungulia hizo hadithi za picha za Wajapani kwa simu yake, akaniambia, "Anko, soma." Hakuniambia zinasomwa kutoka kulia. Wiki ya kwanza yote nilisoma kinyumenyume, nikashangaa mbona kwa hii nchi watu wanaanza wakiwa wamekufa.

Nikishaelewa, nilinaswa. Hadithi yenyewe ni hivi. Kuna mji wa milimani, watu wake wanatengeneza taa. Sorame ni binti wa nyumba moja ya hao mafundi. Kila mtu mjini anawasha moto, yeye anauzima. Anainua tu ule mkono wa kushoto, basi, moshi. Baba hana hiyo nguvu, mama hana, ndugu zake hawana. Imetoka wapi? Mwenye kuchora amekaa na siri yake miaka na miaka, na ndiyo maana mashabiki wamejaa nadharia. Vijana wanaziita thiori. Ukikosa thiori kwa hiyo grupu yao ya WhatsApp, wewe ni kama mtu ameenda mazishi na hajui nani amekufa.

Luseno, kinyozi wa mlango wa pili, yake ilikuwa ya kaa la moto.

"Alimeza kaa akiwa mtoto," Luseno alikuwa anasema, mashine ya kunyoa ikinguruma hewani, mteja amebaki na nusu kichwa. "Chapta ya kwanza ana kovu kwa ulimi. Angalia!"

"Hiyo ni kovu ama ni simu yako imepasuka kioo?"

"Mzae, wewe cheka tu. Siku ya ukweli utalia."

Siku ya ukweli ikakaribia. Ikatangazwa kwamba chapta ya Jumapili itafichua nguvu zimetoka wapi. Mideva akasema haiwezi kufika hivyo bila kesi. Kwa hivyo Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, tukafanya mahakama nje ya duka langu. Yeye ndiye jaji. Alivaa joho la kwaya ya kanisa, la zambarau, akashika mwiko wa ugali wa kugonga meza. Nilichapisha bango la picha za ushahidi, nikalitundika mlangoni. Vijana walijaa mpaka mwenye kuuza njugu akahamisha biashara.

Luseno akatoa ushahidi wa kaa. Akazomewa, akashangiliwa, akazomewa tena. Halafu jaji akagonga mwiko.

"Anayefuata, Anko Mutie. Mahakama inamwomba asitoe mzaha."

"Mheshimiwa, mahakama inaniomba nisipumue."

Nikapanda juu ya kreti. Na hapa ndipo mjue kitu kimoja: mimi ni Mkamba, na nilisoma ile manga na macho ya Mkamba. Mjapani mwenyewe pengine hakuwaza ninachowaza. Kwenye nyumba ya akina Sorame, chapta za mwanzo, kuna ukuta wenye vibao vya majina ya wazee wao waliokufa. Wengine wanafungua kurasa wakimbilie vita. Mimi miaka yote nimeishi kwa maandishi ya ukutani, nikasimama kusoma.

"Wandugu," nikasema, "huyu ndugu yake, jina lake liko kwa kibao. Ni jina la babu. Huyu mdogo wa kike, jina lake liko hapa chini. La nyanya. Sasa nionyesheni Sorame."

Vijana wakasogea kwa bango. Wakatafuta.

"Hayuko," mmoja akasema.

"Hayuko! Na ndiye wa kwanza! Kwetu Machakos huwezi kumpa mtoto wa pili jina la nyanya na wa kwanza yupo amekaa tu. Wa kwanza wa kike anachukua jina la mama ya baba yake, kwisha. Ukiona jina limemruka wa kwanza likaenda kwa mdogo wake, uliza huyo wa kwanza alikuja na jina lake kutoka wapi."

"Wueh," Luseno akasema. Hata yeye.

"Na tena!" Nikagonga bango. "Chapta ya katikati, wanapita kijiji kilichoungua. Nyuma kabisa, nyuma ya farasi, kuna kaburi. Mmeliona? Hakuna aliyeliona. Mutie ameliona. Ukiikuza picha, ni jina gani hilo?"

Wakainama na simu zao. Halafu kelele.

"Sorame! Imeandikwa Sorame!"

"Huyo ndiye mama yake! Mtoto si wa hiyo nyumba. Alichukuliwa akiwa mchanga, akapewa jina la aliyemzaa na akafa. Nguvu ni za huyo mama. Mheshimiwa, nimemaliza!"

Makofi yakapigwa mpaka njiwa wakaruka juu ya paa. Nikainama kama waziri. Nilipoinuka nikaona jaji hapigi makofi.

Mideva alikuwa ameshika mwiko kwa mkono wa kushoto, anaangalia bango.

"Mahakama ina swali," akasema.

"Uliza, mheshimiwa."

"Na kwetu?"

"Kwetu wapi?"

"Kwetu Huruma, Anko. Mdogo wangu Kitonga ana jina la babu. Dada yetu Kavinya ana jina la susu, mama ya baba, ndiyo maana baba humwita mwaitu, kwamba huyo ni mama yake. Na mimi ndiye wa kwanza. Mimi nina jina la nesi."

Vijana wengine wakacheka, wakidhani bado tuko kwa kesi. Hiyo ya nesi ndiyo hadithi aliyolelewa nayo: kwamba Nzisa alipojifungua kulikuwa na nesi mmoja Mluhya, mwema sana, anaitwa Mideva, na mtoto akapewa jina lake kama shukrani.

Mimi ni mtu wa maneno. Kwenye matanga naitwa niseme, kwenye ruracio, mahari ikijadiliwa, naitwa niseme, nikipigwa faini na askari wa kanjo naongea mpaka kanjo anasahau alikuja kufanya nini. Siku hiyo nilihitaji neno moja tu. Ningesema, "Ah, wewe, kwani wewe ni Mjapani?" na ingepita. Badala yake nikaangalia viatu vyangu.

Akaniona nikiviangalia.

Akavua joho, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza, mwiko juu yake. "Kesi imeahirishwa," akasema, na akaenda.

Luseno akanifuata ndani ya duka. "Mzae, nini mbaya? Si ulikuwa unashinda?"

"Nenda ukamalize kile kichwa," nikamwambia.

Nikabaki na lile bango. Nikaliangalia kaburi la nyuma ya farasi. Nilikuwa nimewaringia vijana kwamba nina macho makali. Si kweli. Macho yangu hayakuona kitu, yalikumbuka. Msalaba wa mbao kule makaburi ya Lang'ata ni mimi niliuandika, kwa brashi, rangi nyeupe: MIDEVA. Nilikuwa kijana, ndiyo mwanzo natoka chuo, na dada yangu alisimama kando yangu na mtoto mchanga kwa shali, ananiambia niandike herufi kubwa. Nililijua jambo hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na nikalichukua nikalipeleka kwa kipaza sauti nikidhani nazungumza juu ya Wajapani.

Nikapanda boda mpaka Huruma.

Nzisa anakaa gorofa ya juu kabisa, ile ya kufika ukiwa umetubu dhambi zote. Nikavua viatu, nikaingia navyo, nikaviweka chini ya kochi. Huruma hakuna mtu anaacha kiatu mlangoni, labda kama amekichoka. Dada yangu alikuwa kwa meza anachambua ndengu. Ni mkubwa wangu, hajawahi kunipandishia sauti. Hana haja, ananiangalia tu.

"Mbona unahema? Nani amekufa?"

"Hakuna. Mama Mideva, nimefanya makosa."

"Hiyo si habari. Makosa gani?"

"Nilikuwa naongea juu ya Wajapani—"

"Wajapani wameingiaje kwangu?"

Nikamwambia. Ukuta wa vibao, majina, kaburi, kreti ya soda. Alikuwa ameshika ndengu chache kwa vidole na hakuziweka chini mpaka nikamaliza.

"Mutie," akasema polepole. "Huo mdomo ulipewa wa nini?"

"Sijui, dada."

"Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Akimaliza darasa la nane. Akimaliza fomu foo. Sasa nilikuwa nimesema akiitwa chuo. Nilikuwa nimeongea na bwanangu Wathome, akirudi na lori kutoka Malaba tungekaa naye chini sote wawili." Akazirudisha zile ndengu kwa sinia. "Ataenda kuwatafuta watu wa mama aliyemzaa."

"Si lazima."

"Ataenda. Wewe ungekaa?"

Ndipo nikaelewa alichokuwa anaogopa miaka hiyo yote. Mimi nilidhani anaogopa mtoto aumie. Kumbe pia alikuwa anaogopa kuachwa.

Tukasikia miguu kwa ngazi. Mideva alikuwa ametembea, nadhani, kwa sababu sketi ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Akaingia, akavua viatu, akaviweka chini ya kochi kando ya vyangu, akakaa. Hakuwa analia. Ningependa angekuwa analia.

"Mama, huyo nesi alikuwa anaitwa nani jina la pili?"

Nzisa akaangalia sinia. Halafu akaangalia msichana wake.

"Hakukuwa na nesi."

"Sawa," Mideva akasema. Sauti ndogo kabisa.

"Tulikuwa tunakaa hapo chini, kabla hizi gorofa zijengwe, nyumba za mabati. Ukuta wetu na wake ulikuwa mbao moja. Akikohoa, nasema pole. Alikuwa anafanya kazi ya mkono kiwanda cha sabuni, ametoka huko Vihiga, hakuwa anasema sana juu ya kwao. Mimi nilikuwa nimeolewa na sipati mtoto. Yeye alikuwa na mimba na hana bwana. Tulikuwa tunachekana. Aliniambia, 'Nzisa, tungechanganya shida zetu tungekuwa mtu mmoja mwenye bahati.'" Akafuta mikono kwa leso ingawa haikuwa na kitu. "Ulizaliwa vizuri. Yeye damu ikakataa kukatika. Nilikuwa nimekushika, nikamwambia, tazama, ana vidole vyote. Akakuangalia. Alikuona, Mideva. Hiyo nataka ujue. Alikuona."

Nje mtu alikuwa anaburuta jerikeni. Akaiburuta ngazi zote mpaka chini.

"Kwao hawakuja?"

"Tulituma salamu kwa kila mtu aliyepanda basi la huko. Hakuna aliyekuja. Halafu..." Nzisa akanitazama, kama angetaka nimalizie, na mara moja maishani nikanyamaza vizuri. "Halafu nikaanza kuomba wasije. Mtu akibisha na nikisikia lafudhi ya kwao, nilikuwa nakuingiza chumbani nakuambia tucheze kujificha. Mungu anisamehe hiyo. Wewe ukitaka kunisamehe, utaona mwenyewe."

Mideva akawa anaangalia ukuta. Picha ya Kitonga na sare ya shule, picha ya Kavinya na meno yametoka, picha yake yeye katikati, kubwa kuliko zote, kwa sababu ni mimi nilimchapishia.

"Kwa nini hukunipa jina la susu?" akauliza. "Kama ungenipa la susu ningekuwa kama wao. Hata Anko angeongea mpaka kesho, nisingejua."

"Yeye angebaki wapi?"

"Nani?"

"Mideva. Susu alikuwa na wajukuu hapa mpaka Kitui, angebebwa tu. Huyu alikuwa na wewe peke yako. Wathome ndiye alisema. Mama yake alipouliza mbona jina lake limerukwa, Wathome alimwambia: huyu mtoto tayari ana mtu wake wa kubeba, tungoje mwingine. Susu alinuna mpaka Kavinya akazaliwa. Na ndiyo maana baba yako hakuiti mwaitu. Sio kwamba hakupendi. Hakutaka kuchukua nafasi ya mtu."

Hapo ndipo machozi yakaja. Ya Mideva kwanza, halafu yangu, ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Na mimi," Nzisa akasema, "tangu nimeingia Huruma naitwa nani?"

"Mama Mideva."

"Sokoni?"

"Mama Mideva."

"Kanisani, wakitaka mtu wa kupika?"

"Mama Mideva."

"Umewahi kusikia mtu ananiita Mama Kitonga? Mama Kavinya? Ningekuwa sikutaki kama wangu, ningekubali kuitwa Mama Mideva mchana na usiku?"

Msichana akatikisa kichwa. Halafu akainua mkono wake wa kushoto, akaugeuza, kama vile kwa zile tisheti. Sidhani alijua anafanya hivyo.

"Na huu?"

Nzisa akacheka na pua imejaa. "Wake kabisa. Alikuwa anakata sukuma kwa kushoto, mimi naogopa kuangalia. Mwalimu wako wa nasari alikufunga huo mkono na kamba ya kiatu uandike na kulia. Hukumbuki?"

"Nakumbuka nilihamishwa shule."

"Unajua kwa nini ulihamishwa?"

"Mama yako aliingia darasani na mwiko," nikasema. "Walimu walitorokea dirishani."

"Mutie."

"Nasema tu ukweli, mahakama ijue."

Mideva akanigeukia. Nikajikaza kupokea chochote.

"Anko, kaburi liko?"

"Liko. Lang'ata, upande wa chini. Niliuandika mimi ule msalaba. Rangi itakuwa imeisha. Ukitaka, twende na brashi. Nitashika mkebe, uandike wewe. Na kushoto."

Mideva akavuta kiti karibu na meza, akaanza kuchambua ndengu, mawe upande huu, ndengu upande huu. "Sijui nifanye nini na hii kitu," akasema, akiangalia sinia.

"Usifanye kitu leo," Nzisa akamwambia.

"Nikienda kuwatafuta utakasirika?"

Dada yangu akaweka ndengu upande wa mawe. Mimi nikaona hapo panahitaji mtu wa kulainisha, nikaanza, "Hata kwa manga, Sorame akirudi kijiji cha—"

"Mutie," Nzisa akasema, "toka nje."

"Nje nje?"

"Nje."

Nikatoka. Mlango ukafungwa nyuma yangu, na komeo nikalisikia. Ni hapo kwa veranda ndipo nilipogundua niko na soksi, na moja ina tundu dole gumba linachungulia. Mtoto wa jirani, Sahro, alikuwa amekaa na mdoli wake. Akaangalia dole, akaniangalia mimi, akaangalia dole tena.

"Umefukuzwa?" akauliza.

"Nimepewa likizo."

Simu ikalia. Ni Luseno, kwa grupu, herufi kubwa zote. Chapta ya kesho ilikuwa imevuja. "MZAE UMEANGUKA! NI KAA LA MOTO! ALIMEZA KAA!" Akaweka picha: Sorame mchanga, baba na mama wake wa damu wakilia, kaa la moto linang'aa kooni. Kovu la ulimi na kila kitu. Kaburi lilikuwa la mwanamke tu mwenye jina hilo, aliyetokea kuandikwa huko nyuma ya farasi, labda mchoraji aliishiwa na majina. Vijana walikuwa wananicheka kwa lugha ambazo sijasomea. Nikaandika, "Hongera Luseno. Umeshinda kesi." Akauliza jaji yuko wapi atangaze hukumu. Nikairudisha simu mfukoni.

Nikaweka sikio karibu na mlango. Sikusikiliza, niliegemea tu, na sikio likawa hapo. Mideva aliuliza kitu. Nzisa akajibu, maneno mengi. Halafu sauti ya ndengu ikimwagika kwa sufuria, na mmoja wao akacheka, na mwingine akamfuata, na kicheko cha Mideva hakikuwa cha Nzisa wala kile nimezoea dukani, nikajiuliza kimetoka wapi.

Sementi ilikuwa imeanza kuwa baridi. Nikabisha kidogo, kwa heshima.

"Mama Mideva," nikasema. "Jameni. Sina haraka. Lakini mnaweza kunipitishia viatu?"

Nikangoja. Nikabisha tena.

"Hata kimoja tu?"